Fundi simu na muuza vitambaa: penzi lililokatizwa kabla halijafifia

Filamu ina dakika 84, imepigwa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, ni ya vichekesho vya mapenzi, na inakufa dakika ya 45. Walioitengeneza walijua kwamba imekufa, ila walikosea mahali pa kutafuta jeraha. Kisa hiki ni cha kutungwa kwa ajili ya uchambuzi. Makosa yaliyomo si ya kutungwa: yanaonekana kila mara kundi dogo linapojaribu kuonyesha watu wawili wanaopendana ghafla, kisha penzi lenyewe likapoa.

Hadithi ni nyepesi. Fundi simu ana meza yake chini ya mwavuli katika soko la komini ya Kenya (sehemu ya mji wa Lubumbashi, si nchi ya Kenya). Ng'ambo ya kijia, binti anauza vitambaa kwa mita, anavikata kutoka kwenye majora. Dakika ya 4 fundi ananyanyua kichwa, anamwona, basi, amekwisha. Sekunde 74 za mwendo wa polepole: nywele, shanga, meno, feni imefichwa pembeni ili kitambaa kipepee, piano inalia. Binti naye anageuka, anamtazama, anatabasamu. Kuanzia dakika ya 6 hadi ya 38 wanakunywa munkoyo (kinywaji cha mahindi), wanatembea kwenye bustani ya wanyama, wanapigwa picha. Dakika ya 52 anatokea tajiri kutoka Kolwezi, mji wa migodi, na jeep yake, mama wa binti anampokea kwa mikono miwili, penzi linavunjika. Dakika ya 78 tajiri anagundulika kuwa ana mke, fundi anarudishwa, harusi inapigwa.

Nia ya watengenezaji ilikuwa nzuri kuliko walichokipata. Walitaka kuonyesha jinsi penzi la mara ya kwanza kuonana linavyofifia lenyewe, halafu penzi jingine, la watu wanaojuana, likaota mahali pale pale. Kwenye onyesho la majaribio watazamaji walicheka mwanzoni, wakaanza kufungua simu zao kuanzia dakika ya 45, na baada ya tajiri kuingia walimcheka mama mkwe tu. (Mama mkwe huchekesha hata skripti ikiwa mbovu, kwa hiyo kicheko chake kisichukuliwe kama ushahidi.) Mwongozaji alitoa hukumu haraka: mwigizaji wa kike hakulia vya kutosha kwenye tukio la kuachana, basi lipigwe upya. Hiyo ingekuwa siku nzima ya kazi iliyotupwa.

Jeep haifishi penzi

Kukatizwa ni jambo moja, kufifia ni jingine. Mtu wa tatu akija na gari, penzi halipungui hata chembe; linawekwa kando tu, na mtazamaji anajua hivyo. Kinachobaki ni kusubiri tajiri aondoke, na kusubiri hakuna kicheko ndani yake. Ndiyo maana simu zilifunguliwa dakika ya 45, kabla hata jeep haijafika: kwa dakika 40 hakuna kilichokuwa kinabadilika kati ya wale wawili, na mtazamaji alishanusa kwamba mabadiliko yatatoka nje.

Kufifia kwa kweli kunatoka ndani ya kile kile kilichopendwa. Mwaka 1995 mtafiti wa Marekani Diane Felmlee alichapisha uchunguzi juu ya wanafunzi wa chuo: aliwauliza ni sifa gani iliyowavuta kwa mpenzi wao wa zamani, kisha ni sifa gani iliyowachosha. Katika takriban visa vitatu kati ya kila kumi, sifa ilikuwa ileile. Aliyependwa kwa kuchekesha alikuja kuonekana mpuuzi. Aliyependwa kwa nguvu zake alikuja kuonekana mbabe. Kwa mwandishi wa vichekesho hiyo ni akiba tele, kwa sababu haihitaji mhusika mpya, gari wala ajali. Inahitaji tu tukio lilelile litazamwe mara mbili.

Sasa rudi dakika ya 4 uulize: fundi alipenda nini? Sura. Shanga. Upepo wa feni. Sura haiwezi kugeuka kuwa kero dakika ya 50, na upepo ulikuwa wa bandia hata ndani ya hadithi. Sekunde 74 zimepita na hakuna sifa hata moja iliyowekwa mezani. Kwa hiyo mwandishi alipofika mahali pa kufifisha hakuwa na malighafi, akaenda kuikopa Kolwezi.

Urefu nao ni tatizo. Watafiti Willis na Todorov wa Chuo Kikuu cha Princeton walionyesha mwaka 2006 kwamba mtu huhukumu uso kwa muda wa sehemu ya kumi ya sekunde, na kwamba kumpa muda zaidi hakubadilishi sana hukumu hiyo, kunamwongezea tu uhakika. Mwandishi wa vichekesho asome sentensi hiyo mara mbili. Mpenzi wa ghafla hapati habari mpya kadiri anavyokodoa macho. Anapata kiburi tu cha kudhani amejua. Kicheko kiko kwenye kiburi hicho, na piano haikileti.

Kosa la tatu ndilo lililoua zaidi: binti anarudisha tabasamu papo hapo. Wameshapendana dakika ya 5. Dakika 79 zilizobaki wafanye nini? Uchunguzi uliofanywa Uholanzi na watafiti wa Chuo Kikuu cha Groningen, uliochapishwa mwaka 2017 baada ya kuwahoji watu karibu 400, ulikuta kwamba waliosema wamependa mara ya kwanza kuona walikuwa hasa wamevutwa na umbo. Ukaribu na ahadi havikuwepo kwa kiwango kikubwa. Tena haikutokea hata mara moja kwamba wawili waliokutana wakaripoti jambo hilo kwa pamoja. Maisha yenyewe, basi, yanampa mwandishi mpangilio bora kuliko aliouchagua: mmoja amepigwa na radi, mwenzake anatafuta chenji.

Misumari miwili

Marekebisho yalianzia kwenye meza ya binti. Wauzaji wengi wa vitambaa hupima kwa alama zilizowekwa ukingoni mwa meza. Hapa ni misumari miwili. Binti anavuta kitambaa kutoka kwenye jora, mkono mmoja unakwenda kwenye msumari wa kushoto, mwingine unafagia hadi wa kulia, kidole kinabana, mkono unarudi. Akiwa mzoefu, mwendo huo ni ngoma kabisa. Fundi anaipenda mikono hiyo. Anaona ukarimu: mtu anayekunjua mikono hivyo hawezi kuwa mchoyo.

Kati ya msumari na msumari kuna sentimita 95.

Kitu kimoja, basi, kinafanya kazi tatu: kinamvuta fundi, kinamdanganya, na baadaye kinamchosha. Onyesho jipya la kwanza lina sekunde 38 na picha tano tu. Ya kwanza, fundi ameinamia simu, ncha ya bisibisi imeshika skrubu ndogo, ananyanyua kichwa (sekunde 5). Ya pili, mikono ya binti kwa mwendo wa polepole (12). Ya tatu, fundi tena, skrubu inaanguka, hajui (4). Ya nne, binti anatabasamu, macho yakipita kidogo kushoto mwa kamera (9). Ya tano, picha pana: nyuma ya fundi amesimama mteja anayehesabu noti, na tabasamu lilikuwa lake (8). Mtazamaji anajua jambo moja asilolijua fundi. Jambo la pili, la misumari, wote wawili hawalijui, ingawa liko mbele yao.

Hawalioni kwa sababu ya lenzi. Kwa kamera yenye kihisi kikubwa cha fremu nzima, lenzi ya milimita 85 ambayo tundu lake limefunguliwa hadi f/2 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), ukiwa mita 4 kutoka kwa mtu, inaacha eneo linaloonekana kali la takriban robo mita tu. Ukilenga uso na mikono iliyoinuliwa, ukingo wa meza ulio nusu mita mbele unayeyuka. Misumari imo ndani ya fremu tangu dakika ya 4, ila ni vidoa viwili vya kung'aa. Mwenye kamera ya kihisi kidogo atumie milimita 50 na f/1.4 akaribie matokeo hayo. Anayepiga kwa simu ajihadhari: ukungu unaotengenezwa na programu hula kingo za kitambaa, na mtazamaji huona kwamba kuna kitu kinachofichwa.

Mwendo wa polepole ulikuwa na ugonjwa wake. Toleo la zamani lilipigwa kwa fremu 60 kwa sekunde chini ya taa za bei nafuu zilizofungwa kwenye turubai, na picha ikawa inapumua, inang'aa na kufifia. Umeme wa Kongo una mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo taa za aina hiyo hupepesa mara 100. Piga kwa fremu 50, shata ya sekunde 1/100, uiweke kwenye mradi wa fremu 25: utapata nusu ya mwendo bila kupepesa. Taa za betri zingekuwa bora zaidi, na zingepona pia umeme unapokatika.

Kufifia kwenyewe

Hapa ndipo toleo jipya linapotumia dakika zake, na ni haki yake.

Dakika ya 29 mteja mmoja, mwanamume mrefu, anarudi na kitambaa mkononi: "Mama, hii meta yako iko mufupi!" Kabla binti hajafungua mdomo, fundi anamjibu kutoka ng'ambo: "Meta iko sawa, baba. Ni weye uko murefu." Soko linacheka, mteja anaondoka ameshindwa, binti anamtazama fundi kwa mara ya kwanza. Angalia kilichotokea: penzi la binti linaanza kwa sababu amepata mtetezi wa mita yake. Naye, basi, amependa kitu kitakachogeuka.

Dakika ya 41 fundi amekuja mapema kumtengenezea meza yenye mguu unaolegea. Ana futi ya chuma. Anapima urefu wa meza, anapima mguu, halafu, bila sababu yoyote, anapima misumari. Tisini na tano. Anapima tena. Hapa mwandishi alitaka maneno, hata ugomvi mdogo. Yote yakaondolewa. Zimebaki sekunde 7 za uso wa mtu anayejiambia kwamba huenda futi ni mbovu, kisha anapigilia mguu wa meza na kwenda zake. Akisema, tayari ni ugomvi, na ugomvi una mwisho. Akinyamaza, mtazamaji analazimika kuibeba siri naye, na kila tukio tamu linalofuata linakuwa na mchanga ndani.

Dakika ya 47 ndiyo moyo wa filamu. Picha ya mikono inarudi: umbali ule ule wa mita 4, nguo ile ile, mkono ule ule ukifagia. Ila sasa lenzi ni milimita 35, imefungwa hadi f/8, mwendo wa kawaida. Kila kitu kuanzia mita 2 na ushei hadi zaidi ya mita 15 ni kikali: misumari, vumbi, mwanamke anayesubiri na mtoto mgongoni, noti zilizokunjwa. Fundi anatazama kwa macho ya dakika ya 4 na hayapati. Hajamchukia. Anaona tu meza.

Sauti inafanya nusu ya kazi hiyo. Dakika ya 4 kelele za soko zinazamishwa lakini mkasi unaachwa, safi, karibu na sikio. Dakika ya 47 mkasi ule ule umemezwa na redio, honi na mtu anayetangaza dawa ya panya. Mkasi usinaswe sokoni. Unase ndani ya chumba kilichotundikwa blanketi, dakika moja ya mikato tofauti, kitambaa kizito na chepesi. Kisha nasa dakika mbili za soko lenyewe bila mazungumzo, jenereta ikiwa imewekwa mbali nyuma ya ukuta, vinginevyo mngurumo wake utasikika ukikatika kila picha inapobadilika kwenye montaji (kuunganisha picha).

Dakika ya 55 mizani inasawazishwa. Kioo cha simu ya binti, alichobadilishiwa na fundi kwa bei ya "orijino", kinaanza kugoma kuguswa. Fundi mwingine anamwambia ni kopi. Naye ananyamaza. Kwa dakika kumi tuna wapenzi wawili wenye adabu ya kutisha: kila mmoja anajua, kila mmoja anadhani mwenzake hajui. Fundi anamkaribisha bukari na sombe (ugali na kisamvu) huku akipima kwa jicho kama nyama kwenye sahani zinalingana. Binti anamsifia simu huku akibonyeza mara nne. Vicheko hapa ni vidogo na vingi, na mhariri aviachie nafasi: sekunde moja na nusu hadi mbili baada ya kila jambo kabla ya mtu mwingine kusema. Toleo la kwanza la montaji lilibana mapengo hayo ili filamu "ikimbie", na nusu ya maneno yakapotea chini ya kicheko.

Halafu mahari. Katika orodha ya familia ya binti kuna suti ya baba, kama ilivyo desturi. Mjomba wa fundi, ili kubana matumizi, alimtuma kijana akanunue mita tatu na nusu sokoni, na kijana akaenda kwenye meza iliyo karibu. Mita tatu na nusu za misumari ile ni mita 3.325, sentimita 17 na nusu hazipo. Fundi wa nguo alishona alichopewa. Dakika ya 66 baba anasimama mbele ya familia mbili kuonyesha zawadi, na suruali inaishia juu ya vifundo vya miguu. Msemaji wa familia anaendelea na hotuba kana kwamba haoni. Binti anaitambua rangi ya jora lake. Kisha simu ya baba, nayo ilitengenezwa na mkwe mtarajiwa, inalia. Kioo hakisikii kidole. Wimbo unaendelea kulia mpaka mwisho wake mbele ya wazee. Ndani ya sekunde 40 wote wawili wamevuliwa nguo, na hakuna aliyemshitaki mwenzake. Wanatazamana. Lenzi ni ya milimita 50, ambayo haijatumika popote kabla ya hapo, na anayetazama kwanza ni binti.

Kupiga upya na majira

Montaji peke yake isingeweza kuiokoa filamu hii. Kuna mfano unaotajwa sana, *Annie Hall* ya mwaka 1977: mhariri Ralph Rosenblum aliikuta picha ya takriban saa 2 na dakika 20 ambamo habari ya mapenzi ilikuwa mkondo mmoja kati ya mingi, akaipunguza hadi dakika 93 na kufifia kwa penzi kukawa ndiyo filamu. Lakini yeye alikuwa na mali ghalani. Hapa hakukuwa na mkono, msumari wala futi kwenye picha yoyote, kwa hiyo ilibidi kurudi sokoni.

Na kurudi sokoni Lubumbashi kuna mtego. Picha za awali zilipigwa Februari, ardhi imeloa, majani mabichi. Marudio yaliangukia Julai: vumbi, nyasi kavu, mwanga wenye moshi wa moto wa porini, na asubuhi yenye baridi ambayo humfanya kila mtu sokoni avae sweta. Sweta ndizo zinazomsaliti mtengenezaji kabla ya kitu kingine. Kwa dakika ya 4 dawa ilikuwa kubana: lenzi ndefu, chini ya turubai, bila mti wala anga, ndoo moja ya maji imemwagwa mbele ya meza, na watu wa nyuma wamevuliwa sweta kwa dakika chache. Kwa dakika ya 41 na 47, kinyume chake, ukavu uliachwa uonekane wote. Penzi limeanza masika na limefika kiangazi, na hilo halikugharimu kitu.

Maneno ya wahusika ndiyo yaliyochukua muda mrefu zaidi kusahihisha. Skripti ya kwanza iliandikwa kwa Kiswahili cha shuleni na mistari ya Kifaransa kwa wakubwa, na waigizaji waliisoma kama tangazo la kanisani. Lubumbashi ina njia yake ya zamani ya kutatua hilo. Kundi la Mufwankolo, lililochekesha mji huu kwa miongo redioni na kwenye televisheni, lilikubaliana juu ya mwendo wa hadithi kisha maneno yakazaliwa katika mazoezi. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alifuatilia mazoezi yao mwaka 1986. Njia hiyo inafaa hapa kwa sharti moja: mwigizaji apewe anachokitaka mhusika na anachokificha, mazoezi yanaswe kwa simu, na kilichochekesha kiandikwe mara moja, la sivyo siku ya kupiga kitakuwa kimesahauliwa. Jibu la dakika ya 29 haliwezi kuandikwa na mtu aliyeketi peke yake mezani.

Harusi ilikatwa kutoka dakika 6 hadi sekunde 40, na filamu nzima ikashuka hadi dakika 78. Jeep ilirudishwa kwa mwenyewe. Aliyeigiza tajiri alikuwa ameshalipwa, na kwa vile ni mrefu kuliko wote katika kundi, akapewa kitambaa mkononi na kurudishwa sokoni kulalamika juu ya mita.